Folda Iliyohamishwa Kabonga

Siku yangu ya kwanza kazini kama fundi wa kompyuta, Daktari Mkuu wa kliniki yetu ya Rumonge hakunionyesha hata kiti. Alinionyesha kioo cha kompyuta kisicho na kitu. "Saidi, picha ya Kabonga walituma asubuhi. Mimi siione. Kuna mama anangoja."

Niwaeleze vijana kazi ilivyokuwa. Tulikuwa na vituo viwili, Nyanza-Lac na Kabonga. Wauguzi walipiga ekografi, yaani picha za mimba, na programu ndogo ikazinakili kwenye folda ya wingu. Kila kinachowekwa kwenye folda hiyo hupanda mtandaoni, kisha hushuka chenyewe kwenye kompyuta ya Daktari. Mama huyo alikuwa karibu kujifungua. Kama kondo la nyuma limeziba njia, kuzalia Kabonga kungemuua. Kama njia iko wazi, hapakuwa na haja ya kumtesa barabarani. Gari lilikuwa mlangoni kwao likisubiri neno moja.

Nikampigia simu Mama Yolanda, muuguzi mkuu wa Kabonga.

"Amahoro, Mama. Folda ya picha iko kwa diski gani?"

"Iko kwa D. C ilijaa, video za kwaya yetu ziko mingi sana. Nikaihamisha."

"Hebu fungua C, uangalie."

Nikamsikia akibofya. "Eh! Huku nako iko ingine, jina ni moja! Picha yake iko humu!"

Fundi aliyeandika programu ile alikuwa ameiambia kwamba folda iko C, basi. Ilipoikosa, ikaunda nyingine yenye jina lilelile na kuanza kuijaza, huku wingu likiitazama ile ya D. Mama Yolanda akaihamisha picha kwa mkono. Daktari akaitazama, akachukua simu: "Mumulete sasa hivi. Njia imezibwa." Mama yule alipasuliwa alasiri ileile. Niliposikia mama na mtoto ni wazima, nilikaa kwenye ngazi za kliniki nikalia bila haya.

Kesho yake nilitaka kuandika D mahali pa C ndani ya programu, kazi iishe. Daktari akatikisa kichwa.

"Na kwaya ikijaza D? Wewe ukifika Kabonga na haujue nyumba ya mutu, unafanya nini?"

"Nauliza, Muganga."

"Kuuliza si ujinga. Programu nayo iulize."

Sijapata mkubwa mwingine wa namna ile. Hakuwahi kuandika mstari mmoja wa programu, lakini alijua swali lilipo. Nilichimba nikakuta kwamba programu ya wingu huacha faili dogo la mipangilio ndani ya folda binafsi ya mtumiaji, na humo imeandika folda yake inakaa wapi. Nikaifundisha programu yetu isome faili hilo kila inapoanza. Isipolipata, isikisie wala isiunde folda mpya. Isimame na kupiga kelele kwa maandishi mekundu.

Baadaye nilihamishiwa Nyanza-Lac, kisha Kabonga, kisha nikarudishwa Rumonge. Kila alipokagua kituo, Daktari aliihamisha folda kimyakimya, akanywa chai yake kama hajafanya kitu, akingoja kuona kama picha zitafika. Mkuu wa utawala alinung'unika kwamba tunachezea muda. Mimi nilimpenda zaidi.

Sasa nimestaafu. Ninyi vijana mnajua mengi kuliko sisi, na nafurahi kweli. Ila bado nawaona mkiandika C kwa sababu kwenu iko C. Kompyuta ya mwenzako ina maisha yake, na kwaya yake.

Asubuhi ya siku yangu ya mwisho kazini, mdogo wake yule mama wa Kabonga naye alikuwa karibu kujifungua. Kompyuta ya kituo chao ilikuwa mpya, na hakuna aliyenieleza wameipangaje. Picha ikafika kabla sijauliza. Daktari aliitazama kwa muda mrefu, akavua miwani.

"Njia iko wazi. Waambie gari lirudi. Huyu atazaliwa kwao."