Ukuta wa Shangazi Somoe

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyoharibu ukuta wa shangazi yangu Somoe nikidhani namsaidia. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Lindi yakaanza kujaa bidhaa. Shule nilikuwa nimeiacha mapema, nikawa mtu wa kuzurura. Leo Mchinga, kesho Kipatimu, kila jambo nataka kulijua.

Shangazi alipamba kuta za nyumba yake, pale Kilangala, kwa udongo mwekundu, majivu na masizi ya chungu. Alichora majogoo, samaki, wanawake wakitwanga. Basi ikaja barua: shirika la taifa la sanaa linamtuma ofisa. Kazi ikifaa, itahifadhiwa na taifa, naye shangazi atasaidiwa kufundisha wasichana. Hakuwa na mtoto wa kumwachia ujuzi ule, kwa hiyo alilitaka sana jambo hilo.

Mimi nikaona aibu. Mgeni wa Dar aonyeshwe majivu? Shangazi alipokwenda kung'oa mihogo, nikapaka ukuta mzima rangi ya mafuta, buluu ya kung'aa, nikachora na majogoo yangu mawili.

Aliporudi alimkuta ofisa, mama mmoja mpole, amesimama uani.

"Shikamoo, bibi. Kazi yako ndiyo hii?"

"Marahaba. Hii?" Akatua mzigo. "Majogoo gani haya yenye miguu ya mbuzi? Hii ya huyu mjuaji wangu." Kisha akanigeukia. "Uliniuliza?"

Nikaficha brashi mgongoni.

"Ukuta nisingeweza kuubeba," ofisa akasema. "Nina mbao garini za kuchorea. Nipo Lindi hadi keshokutwa."

Shangazi akanituma mtoni kuchimba udongo. Mara mbili aliuonja, akautema: "Mchanga mtupu, utapukutika." Mara ya tatu akaniwekea punje ulimini, nami nikajua udongo mzuri ulivyo: laini, hauna mchanga. Nilikuwa nimezunguka kote nikidadisi mambo ya watu, yeye sikuwahi kumuuliza.

Shangazi akachora, na keshokutwa yake ofisa akachukua mbao mbili. Kabla ya mvua, wasichana sita walikuwa wakijifunza uani, mimi nikiwachimbia udongo.

Mwanangu, rangi za dukani si mbaya, zinunue ukipenda. Ila usiguse kazi ya mtu kabla hujamuuliza kwa nini aliifanya vile. Na ukishakosea usikimbie. Chukua jembe, nenda kachimbe. Mola akujaalie macho ya kuona walichonacho wa kwenu, na mikono isiyochoka kuanza upya.