Vidonge Kwenye Mkoba wa Bibi Harusi

Saa mbili asubuhi. Mama Pindo, fundi wa magauni, anazungusha futi kiunoni mwa bibi harusi, anaisoma, anaizungusha tena. Kwenye benchi amekaa mama mkwe wa fundi, macho hayabanduki kwenye futi.

"Kiuno kilekile, mama."

"Pima vizuri, mwanangu. Zipu isije ikatuaibisha mbele za watu."

Bibi harusi ni wifi yake fundi, kitinda mimba wa huyo mama. Jana mama alikuta paketi ya vidonge vya foliki kwenye mkoba wa binti. Anavijua vile vidonge, ndivyo wanavyopewa wajawazito kliniki. Akamnyang'anya. Asubuhi kaja kuomba gauni liachiwe nafasi.

"Si nilikwambia, wifi?" bibi harusi ananong'ona. "Nishasingiziwa mimba na harusi bado."

Mama Pindo anatoa pini midomoni. "Mama, vidonge nimempa mimi. Hana mimba. Ndiyo maana nimempa."

Fundi huyu wa miaka thelathini na moja hushona magauni ya harusi kwenye chumba cha vyerehani viwili na kioo kilichopasuka pembeni. Karibu na mlango, binti yake wa miaka saba anashona vifungo, ameketi kwenye kiti cha magurudumu. Alizaliwa na uti wa mgongo ulio wazi. Alipasuliwa, akapona kidonda, ila miguu haikupata nguvu.

Mimba ile, Mama Pindo alienda kliniki tumbo lilipoanza kuonekana, kama wanawake wote wa mtaani kwake. Akapewa foliki, akameza bila kuruka siku.

"Kumbe foliki husaidia uti wa mgongo wa mtoto ujifunge, na hujifunga ndani ya mwezi wa kwanza, mwenyewe hata hujajijua," anamwambia mama mkwe. "Daktari alisema hakuna awezaye kuapa kwamba wangu angetembea. Lakini ningeanza kabla, ningekuwa nimempa nafasi."

Tangu hapo, kila anayekuja kupimwa gauni humwambia akaulize habari za foliki. "Kliniki wanawaona wakishakuwa wawili, mama na wa tumboni. Mimi nawaona wakiwa bado mmoja."

Wengi hukataa. Wapo wanaoogopa kudhaniwa wana mimba, na wapo wanaoogopa kudhaniwa wanazuia kupata mimba. Kidonge ni hichohicho.

Mama mkwe anamtazama mjukuu wake akikata uzi kwa meno.

"Mimi ndiye niliyekukataza kusema mpaka tumbo lionekane," anamwambia fundi, taratibu.

"Hatukujua, mama. Wote."

Mama anafungua mkoba, anaitoa ile paketi aliyoinyang'anya, anamkabidhi bibi harusi. "Meza. Na wewe fundi, hicho kiuno kibane. Wambea wajionee wenyewe."

Bibi harusi anacheka mpaka pini inamchoma.

Wakishaondoka, Mama Pindo anaokota mabaki ya satini sakafuni, anakata kifuko cha ukubwa wa kiganja na kukitia kamba. Kila bibi harusi hupewa chake, aweke vidonge bila kuonyeshana paketi.

Cha kwake hakifichi. Kinaning'inia msumarini juu ya cherehani. Kwa kuwa alishazaa mtoto mwenye tatizo hilo, daktari amemwandikia dozi kubwa zaidi, na anataka mtoto wa pili.

Wateja wakikiona kile kifuko humuuliza, "Una mimba, Mama Pindo?"

"Bado," hujibu, mguu ukirudi kwenye pedali. "Namtandikia mtoto."