Betri za Mama Chaji hazipoi haraka

Saa nne na nusu asubuhi, na hakuna anayejua kutunza betri kumshinda Mama Chaji. Ndivyo anavyosema mwenyewe, ameketi mlangoni mwa stoo ya vifaa vya bustani, kitambaa kikavu mkononi. Kisha anageuka kutazama ndani: rafu, chaja sita, feni moja, benchi tupu.

"Lakini humu niko peke yangu," anaongeza. "Nishindane na nani? Na feni?"

Ana miaka sitini na mmoja. Kazi yake ni kuchaji na kutunza betri za mashine zisizo na waya: za kufyeka nyasi, za kupunguza michongoma, za kupuliza majani makavu. Wafyekaji watano huzichukua saa moja asubuhi na kutokomea ndani ya bustani ya umma, kubwa kiasi kwamba ukimwita aliye upande wa pili, utaitikiwa na kunguru.

Anapangusa vile vyuma vidogo vinavyopitisha umeme, kimoja kimoja. Maji hayagusi. Somo hilo lilimtoa jasho. Miaka minne iliyopita, alipohamishwa kutoka usafi wa ofisini, aliletewa betri zinazochoma kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Akazifunga kitambaa kibichi, kama mtoto mwenye homa. Mbili zikafa.

"Msimamizi alinikaripia mpaka mate yakanirukia," anasema. "Nilidhani nauguza, kumbe nazika."

Siku hizi hana papara. Betri ya moto haigusi chaja. Hukaa kivulini, mbele ya feni, mpaka ipoe.

"Mtu akitoka mbio humshindilii chakula bado anahema," anaeleza. Isiachwe juani. Isilale tupu. Na msimu wa kiangazi, nyasi zisipoota, huhifadhiwa na chaji nusu tu. "Ukiilaza imeshiba miezi mitatu, inaamka bibi kizee. Humu anatosha mmoja."

Kupoa huchukua nusu saa. Wafyekaji amewaambia saa nzima.

"Hilo usiliandike," anasema, halafu anafikiri. "Au andika. Nani kati yao anasoma gazeti? Hulikalia tu, nyasi zikiwa na umande."

Mumewe alifariki miaka sita iliyopita. Binti yake, aliyeolewa mbali, hupiga simu kila Jumapili, na mjukuu huikata kabla maneno hayajanoga. Siku moja Mama Chaji aliamua kuhesabu: katika saa tisa za kazi, alisikia sauti ya binadamu kwa dakika sabini na tano. Karibu zote zilitoka kwenye benchi lile, adhuhuri, wafyekaji wakingoja betri zipoe.

Anayeongoza kwa maneno ni mfyekaji wanayemwita Kimya. Huko nje hafungui mdomo. Akikalia benchi, hata feni hupata mshindani. Naye anaishi peke yake.

Jana msimamizi alikuja na betri mpya tano. Kuanzia leo kila mfyekaji anaondoka na mbili, ya pili ikiwa akiba, wala hana haja ya kurudi kabla ya jioni.

"Tumekupunguzia kazi, Mama Chaji," alimwambia.

"Ahsante, baba," akamjibu. Leo anamalizia alichokimeza jana: "Mwenye njaa kapunguziwa vyombo vya kuosha."

Angeweza kuzichaji nusu. Nani angejua? Wangerudi saa sita, mbio mbio, na benchi lingejaa. Alisimama mbele ya chaja, kidole kwenye swichi.

"Mkono ulikataa," anasema. "Betri haijanikosea kitu." Akazijaza zote mpaka pomoni. Mpango aliobaki nao ni dua. "Mungu anisamehe, naomba moja iwe imetoka kiwandani na ugonjwa wake."

Saa sita inafika. Inapita. Anapangusa benchi, ingawa halina vumbi.

Saa sita na robo, viatu vizito vinasikika kwenye kokoto.

"Hodi, Mama. Shikamoo." Ni Kimya, betri mkono huu na huu.

"Marahaba, baba. Kulikoni? Si una mbili leo?"

"Zote zimekata roho! Nyasi za kule bondeni, acha tu. Na hizi mpya, jina tu, hazina pumzi." Ameshakaa. "Sasa si mpaka zipoe? Saa nzima, eti?"

"Saa nzima," anasema Mama Chaji.

Anapokea ya kwanza. Inachoma, na taa zake hazionyeshi kitu. Anaiweka mbele ya feni.

Anapokea ya pili. Ni baridi, kama alivyoikabidhi asubuhi. Anabonyeza kitufe cha pembeni.

Taa zinawaka. Zote nne.

Kimya anageuka kuitazama feni, kwa makini sana, kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza.