Pumzi za Matumbawe ya Gerlinde

"Kwani huyo Gerlinde anapasha joto barabara nzima?" Jirani yangu Bi Heidkamp aliniuliza hivyo mwezi wa Januari, tumesimama ngazini na mifuko ya takataka. Nje theluji, na dirisha lake la ghorofa ya tatu liko wazi tangu asubuhi. Nilisema sijui. Nilijua, Mungu anisamehe, ila sikutaka kumsema mwenzangu.

Gerlinde Wiechmann aliendesha tramu hapa Gelsenkirchen miaka thelathini na moja. Alipostaafu alinunua tangi la kioo la lita mia nne, akalijaza maji ya chumvi na vipande vya matumbawe hai, vidogo kama kucha. Kila asubuhi kabla ya kahawa hupima alkali ya maji kwa matone, akihesabu mpaka buluu igeuke njano, kisha hurudishia iliyopungua kwa kijiko cha unga wa magadi, maana matumbawe huila ili yajenge mifupa yao. Mashine ya kumfanyia kazi hiyo hataki hata kuiona. "Haina macho," anasema.

Kisha ofisi inayotupangisha nyumba ikatuwekea madirisha mapya ya vioo vitatu, yasiyopitisha hata uzi wa upepo. Baridi ya kwanza tu, pH ya tangi ikaanza kushuka, yaani maji yakazidi tindikali. Alkali ilikuwa palepale, lakini wenzake wa chama cha wafuga samaki wakamwambia ongeza unga. Akaongeza. pH ikapanda kwa saa mbili, ikashuka, akaongeza tena. Kufikia Krismasi alkali ilikuwa imepita kiasi, na tumbawe lake la zambarau, la miaka minane, likaungua ncha zote, likabaki jeupe kama chaki.

Nilikaa naye siku ile. Hakulia. Alisema tu, "Unga haukuwa na kazi hapa. Tatizo ni pumzi zetu."

Na kweli. Hewa tunayoitoa puani ilifungiwa ndani, ikaingia majini, ikayatia tindikali. Alipofungua dirisha, pH ilipanda bila kijiko hata kimoja.

Baada ya manung'uniko ya majirani ikaja barua ya ofisi: dirisha likiachwa wazi wakati wa baridi, kitasa kitabadilishwa kiwe cha kufungwa kwa ufunguo. Bwana Kubitza, mwangalizi wa jengo, alifika na bisibisi tukiwa mezani kwa Gerlinde.

"Mama Wiechmann, usinitie matatani. Ni samaki tu hawa."

"Samaki ni wanne. Yaliyobaki yote ni matumbawe, na ukifunga hapo yatakufa kabla ya Pasaka."

"Si utie dawa? Madukani zimejaa."

"Dawa ndiyo iliyoniulia tumbawe langu. Rudisha bisibisi mfukoni, Kubitza. Nimebeba walevi wa mpira kwenye tramu kila Jumamosi, wewe hunitishi."

"Mama, nimetumwa na ofisi."

"Basi kaa ule keki. Ofisi nitaijibu mimi."

Alikaa, akala vipande viwili. Gerlinde akaandika jibu palepale, sahani ikiwa kiwikoni, kisha akanipa nisome. Nilimsihi atie neno la upole. Alitia mawili mwanzoni, akasema hayo yanatosha. Barua ilisema hivi:

"Kwa heshima. Naomba ruhusa ya kutoboa tundu moja ukutani, upana wa kidole gumba, nipitishe mpira wa kuvutia hewa ya nje mpaka kwenye tangi. Nitalitoboa na kuziba kingo zake mwenyewe. Mpaka mtakapojibu, kitasa hakiguswi na dirisha litabaki wazi."