Wimbo Wangu wa Chandarua

Mbunge wetu alitangaza kwamba hotuba haziwaingii watu, hivyo sera za afya sasa zitaimbwa. Mimi, mwalimu ninayejidai kujua muziki, nikanyoosha mkono.

Maneno hayakunisumbua. Sauti ya kuyaimbia nayo nilikuwa nayo tayari. Kwa jirani yangu Bi Somoe, hapa Naliendele, akina mama walishinda siku nzima ndani ya ua wa makuti wakiimba kwa Kimakonde, lugha nisiyoielewa. Wimbo mmoja ulinishika. Mke wangu yuko Bukoba, anasubiri uhamisho, na kila jioni nilipoupiga mluzi nikisonga ugali wa mtu mmoja, nilimwona ameketi pale jikoni.

Siku ya mkutano tukapanda jukwaani walimu sita, wanaume watupu. "Ingieni, ingieni ndani ya chandarua!" Akina mama wakajifunika kanga usoni. Nikadhani wameguswa, nikaongeza sauti na kiuno kidogo. Mmoja akakaa chini kwa kicheko. Mheshimiwa, mzaliwa wa hapahapa, alikuwa anatazama viatu vyake.

Niliposhuka, Bi Somoe akanishika mkono, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Mwalimu, ule wimbo si wa wanaume! Ndio tunaomfundia bibi harusi namna ya kumpokea mume aliyetoka safari."

Kisha akaacha kucheka, akanitazama.

"Na kila jioni nakusikia ukiupiga mluzi peke yako. Mkeo anakuja lini, baba?"