Ibada Iliyohamia Shard End

Ukumbi tuliokuwa tukisalia huku ughaibuni, mtaa wa Bordesley Green, ulivuja dari mpaka wenyewe wakaufunga. Usharika wetu wa Kiswahili ukawa unasali nyumba kwa nyumba. Katikati ya hayo mchungaji akafiwa na baba yake, akaenda nyumbani kuzika, kondoo akaniachia mimi, mzee wa kanisa.

"Bibi, usiwaze ya mwezi ujao," aliniambia. "Mungu yupo leo. Shika ya leo."

Rahisi kusema ukiwa umeshakata tiketi.

Mimi shule sikufika mbali. Kazi yangu ilikuwa majina. Kwetu ibada haiishi mpaka kila mtu atajwe mbele za Mungu, aliyepo na asiyekuwepo, mgonjwa na aliyesusa. Niliwataja kwa kichwa, na mpaka leo nawakumbuka wote, ingawa hapa siwaandiki.

Basi alikuwepo mama mmoja Mkongo, anakaa mtaa wa Shard End. Kwa umri ningeweza kumzaa. Sauti anayo, kusoma anasoma Kiswahili na Kifaransa, sebule yake pana. Akiimba, kina mama wanafumba macho. Nikiomba mimi, wanaangalia saa. Nilimwonea wivu, tena si wa mzaha. Hata kilemba kilivyomkaa kichwani kiliniuma.

Jumapili moja ya theluji zamu ilikuwa yangu. Nikapika pilau sufuria kubwa, nikaazima viti kwa jirani yangu Singasinga, mzaliwa wa Kisumu. Saa ya ibada akaingia shoga yangu wa Tanga, peke yake, anakung'uta viatu.

"Wengine wako wapi?"

"Shard End. Yule mama kawapigia simu, wenye watoto wasihangaike na baridi, wasali kwake."

"Na wasio na watoto?"

"Wamefuata sauti, shoga. Waache. Wao na wao, sisi na sisi. Kwani wawili hatutoshi kwa Mungu?"

"Kwa Mungu tunatosha. Kwa pilau hili hatutoshi."

Alicheka. Mimi sikucheka. Niliona wazi: tukisali wao kule sisi huku, hata mara moja tu, mchungaji akirudi atakuta sharika mbili, na watu wakishagawana hawarudi. Nikafunga sufuria kwa khanga, tukapanda basi.

Njiani sikumwomba Mungu aniondolee wivu. Niliona ni kazi kubwa mno kwa siku moja. Niliomba anifikishe, na mdomo wangu usinitangulie mlangoni.

Akafungua yule mama mwenyewe. "Mama! Ingia, baridi itakuua! Tulifikiri theluji imekufunga."

"Inifunge mimi? Nilikuwa na wageni, ila walipotea njia."

Yeye akainamisha kichwa. "Pardon, Mama. Nilikupigia, haukukamata."

Simu yangu ilikuwa kabatini, imezimwa. Naiwasha nikitaka kupiga; mambo ya kupigiwa sikuyazoea. Hilo nalo liliniudhi, maana lilimwondolea kosa.

Wimbo ukaisha, nikasimama kwenye majina. Nikawataja nyumba kwa nyumba, kuanzia wa Selly Oak mpaka pale tulipokuwa. Nilipofika kwake ulimi ukawa mzito. Nikamwambia Mungu moyoni, nisaidie hili moja, la sasa hivi. Nikalitaja jina lake, na la mumewe, na ya watoto wake wote. Akaitikia "Amina" kwa sauti ile ile nzuri. Ikanichoma upya.

Tukala pilau langu na pondu yake, kisamvu cha kwao. Pondu ilikuwa tamu, nikaongeza, nikiwa nimenuna.

Kisha akauliza, "Mama, Jumapili ijayo kwa nani?"

Wote wakanigeukia. Kwangu watu walikuwa wanakaa mpaka kwenye ngazi, hawaonani. Pale hata wazee walikuwa wameegemea vizuri, na usharika wote ulikuwa sebule moja.

"Hapa hapa," nikasema. "Mpaka mchungaji arudi."

Wakapiga makofi. Walikuwa wakimtazama yeye.