Kikombe cha Msumari wa Nje

Kiingereza nilijifunza mwenyewe nyumbani Msambweni, kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari, ndiyo maana nilipofika Uingereza kusoma nilinyamaza sana. Kila sentensi niliipanga kichwani hadi isiwe na kosa, na ilipokuwa tayari, wenzangu walikuwa wamekwisha kuhamia mazungumzo mengine. Mtu pekee niliyesema naye bila kujipanga alikuwa kijana wa Kinango, huko bara, mtoto wa wafugaji, ambaye kama si masomo nisingeketi naye mkeka mmoja.

Bibi wa Kizungu aliyetupangisha chumba alitutengea vikombe viwili, akavitundika mbali na vyake. Hakutusema vibaya hata siku moja. Mwenzangu alicheka tu. Mimi nilikonda kwa hasira, nikajiambia kwamba Wazungu wote moyo wao ni mmoja.

Tuliporudi, mwenzangu alikuja kunitembelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti."

Mama alimuuliza habari za mvua kwao, kisha akamletea chai. Kikombe kilikuwa cha bati, kile kinachokaa kwenye msumari wa nje kwa ajili ya wapita njia wa bara, maana hatujui, mama alizoea kutuambia, vinywa vyao vimeonja tembo la mnazi lini. Nilikua nikikiona kila siku, wala sikuwahi kuuliza.

Mwenzangu alikizungusha mkononi, akanitazama. Nilijua kwamba nikinyamaza, hatakuja tena.

"Mama, nami nitilie kwenye cha bati."

"Wewe? Umekwenda Ulaya ukarudi kunywea bati?"

"Mwache, mama," alisema mwenzangu. "Huko tulizoea vikombe vya peke yetu."

Mama hakuelewa, lakini alikwenda akaleta cha pili. Tulikunywa polepole. Nilipomsindikiza kuwahi lori la Kinango, alinigonga begani.

"Nawe uje kwetu. Mamangu ana kibuyu cha watu wa pwani."

Tulicheka mpaka lori likaja. Kisha likaondoka, nikarudi peke yangu.

Mama alikuwa ameviosha vikombe vyote viwili kwa majivu na kuvitundika nje. Asubuhi, kabla ya kunimiminia chai, alitoka, akarudi na kimojawapo. Hakuwa amekasirika. Aliniuliza tu kama sukari imekolea.